Alama Moja ya Mama Mkwe

Jumapili, 5 Mei

Mama mkwe ameanguka. Alipanda stuli kushusha pazia la sebuleni, stuli ikaenda huku, yeye huku, kisogo kwenye kona ya kabati. Mke wangu kanipigia simu analia. Nyuma ya kilio nikamsikia mama mwenyewe akifoka kwamba asipigiwe mtu yeyote, hasa mimi. Nikashusha pumzi. Fahamu anazo.

Picha ya kichwa: damu kidogo imevilia ndani ya fuvu, upande wa kulia. Nyembamba kama ukucha. Daktari wa zamu kasema hapasuliwi, ataangaliwa wiki nzima kila baada ya saa mbili. Wodi yetu. Kitanda cha tisa.

Na kuanzia kesho, kitanda cha saba hadi cha kumi na mbili ni vyangu. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 6 Mei

Nilimwahi Sista Mkuu kabla ya ripoti ya asubuhi. Sisi tunamwita Kalamu, kwa sababu anachomeka nne kifuani na anajua kila moja mara ya mwisho iliandika nini. Nikamwambia: kitanda cha tisa ni mama mkwe wangu, na kanuni inasema nesi asimhudumie ndugu yake.

Akasema kanuni inasema pia wodi hii iwe na manesi sita, na tuko watatu. Ila kanuni ni kanuni, twende tukamuulize mgonjwa.

Tukaenda. Kalamu akauliza kwa heshima zote: "Mama, huyu kijana ni nani wako?"

Mama akanitazama kuanzia kola ya yunifomu hadi viatu vya mpira. Bibi wa kitanda cha nane alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Simjui," akasema. "Mkwe wangu mimi ni daktari."

"Basi," Kalamu akaniambia. "Hamna undugu. Endelea na kazi." Akatia sahihi.

Niandike hapa, maana sijawahi kuandika popote. Siku ya harusi yetu mama alinitambulisha ukumbini kama daktari. Nilidhani ulimi umeteleza. Haukuteleza. Mwaka wa tisa huu. Kila sherehe ya ukoo wananipangia foleni, wananionyesha ndimi zao, wananieleza habari za magoti. Napima presha, nawaambia wapunguze chumvi, wanashukuru. Sijawahi kukana hata mara moja. Kusema kweli kuna siku naona raha.

Sasa kazi yenyewe. Kipimo cha fahamu kina alama kumi na tano. Macho nne: je, anayafungua mwenyewe? Kuongea tano. Viungo sita: ukimwambia inua mkono, anainua? Kwenye kuongea unauliza mambo matatu. Uko wapi. Leo siku gani. Mimi ni nani. Akipatia yote, tano. Akikosea moja, amechanganyikiwa, nne.

Saa nne asubuhi Bibi wa nane amelala. Uko wapi? Hospitali. Leo? Jumatatu. Mimi ni nani?

Akanong'ona huku anatazama ukuta: "Nesi. Umeridhika?"

Kumi na tano. Saa sita, kumi na tano. Saa nane, vilevile.

Saa kumi wageni wakaingia. Mke wangu, na nyuma yake Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na wanakikundi wanne, mikoba mikubwa, manukato yamejaa hadi kitanda cha kumi na tano. Saa ya kipimo ni saa ya kipimo. Nikauliza mbele yao.

"Mimi ni nani, mama?"

"Daktari!" Sauti ya kusikika getini. "Daktari bingwa wa vichwa. Ndiyo maana mnaona ananishika kichwa."

Mwenyekiti akauliza mbona bingwa kavaa nguo za nesi. Mama hata hakumeza mate. "Ndivyo alivyo. Hapendi makuu."

Nikasimama na kalamu yangu. Nimeuliza mimi ni nani, kajibu sivyo. Kumi na nne.

Jumanne, 7 Mei

Chati ya mama inafanana na msumeno. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, kumi na nne. Usiku kucha kumi na tano. Leo saa kumi — kumi na nne tena. "Daktari huyo, mpisheni apite!"

Nilimweleza Kalamu pembeni mwa kabati la dawa. Kwamba mama hajachanganyikiwa, ana akili timamu kuliko sisi sote. Kwamba anadanganya, tena kwa mpangilio.

Kalamu akasema: andika ulichosikia, usiandike unachodhani. Chati si barua ya familia.

Nikamwambia basi niandike kwenye maelezo, "mgonjwa anasema uongo".

Akashtuka kama nimetukana. Mgonjwa haandikwi hivyo! Tukatafuta maneno robo saa nzima. Mwisho tukaandika: "Mgonjwa anatoa taarifa isiyolingana na mazingira, hasa mbele ya wageni." Nikausoma mstari ule mara mbili. Umemfanya mama aonekane mahututi.

Jumatano, 8 Mei

Mambo yameharibika.

Daktari wa zamu kaiona chati. Kijana mzuri, makini, ndevu hazijaamua kama zinaota. Akaiwekea kidole: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Akasema damu ya ndani ya fuvu inayojikusanya polepole hufanya hivi hivi. Leo mzima, jioni haelewi. Na upande anaoumia ni wa kulia, na ubongo wa kulia ndio unaoendesha kushoto, kwa hiyo tumchunge mkono na mguu wa kushoto.

Nikasema apigwe picha nyingine, tutaona.

Mashine imeharibika tangu jana. Fundi anakuja Jumatatu ijayo, labda. Kwa hiyo tuna chati tu. Daktari akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa: kipimo cha saa kumi kikiendelea kushuka hadi Jumamosi, aandaliwe kutobolewa fuvu.

Fuvu! Kwa ajili ya neno "daktari"!

Nikamwaga kila kitu palepale koridoni. Harusi, ndimi, magoti, kikundi cha akina mama. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hapo nikamheshimu. Akauliza: "Kwa hiyo siku akichanganyikiwa kweli, wewe utajuaje?"

Akasema amuulize yeye mwenyewe, ili mimi nisihusike. Wageni walikuwepo. Akasogea, stethoskopu shingoni, koti jeupe, kadi ya jina kifuani. "Mama, mimi je, ni nani?"

Niliona mama akipiga hesabu. Madaktari wawili kwa kitanda kimoja ni wengi. Akamtazama kijana wa watu kuanzia ndevu hadi chini.

"Wewe ni nesi," akasema. "Unajitahidi, lakini."

Mwenyekiti akamgeukia daktari, akamwomba amletee beseni.

Alilileta! Alilileta kweli, masikio yamemwiva. Kisha akaandika kumi na nne, akasema sasa tumethibitisha kwa watu wawili tofauti.

Alhamisi, 9 Mei

Habari zimefika kwenye kikundi kwamba mama anafelishwa mtihani.

Saa kumi walikuja na kadi. Kadi za karatasi ngumu, zimekatwa vizuri, mwandiko wa Mwenyekiti. Moja: HOSPITALI. Ya pili: ALHAMISI. Ya tatu: DAKTARI. Wamemkaririsha tangu walipoingia, wanakikundi wanauliza kwa zamu, akipatia wanapiga makofi. Bibi wa kitanda cha nane naye amejiunga, anampa majibu kwa sauti ya chini ambayo wodi nzima inaisikia. Mzee wa wodi ya pili kapita na kiti chake cha magurudumu, kasimama mlangoni, kauliza kama na yeye anaweza kufundishwa.

Nilipouliza, mama akajibu kabla sijamaliza: "Hospitali-Alhamisi-Daktari!" Makofi.

Kumi na nne.

Mwenyekiti alinifuata hadi meza ya manesi. Akaniambia kwa upole sana: "Daktari, kwa cheo chako huwezi kumwongezea mkweo alama moja tu? Hata wa kwangu, yule rubani, abiria wa ukoo huwatafutia kiti cha dirishani."

Nikasema alama haziongezwi. Akaniangalia kama mtu aliyegundua kwa nini mama hajawahi kunisifia tabia.

Nyumbani mke wangu hakula. Akasema, "Baba Pacha, wewe andika kumi na tano, yaishe. Nani atajua?"

Nikamwambia nitajua mimi. Nikamwambia nikianza kuandika namba za kumfurahisha mtu, siku namba ikishuka kweli hakuna atakayeiona. Halafu akasema kitu kilichonichoma: kwamba miaka tisa niliyaacha maneno ya mama yapite bila kusahihisha, na leo nimechagua kuwa mkweli juu ya kichwa chake.

Nimekunja nguo za watoto zote, hata zilizokuwa zimeshakunjwa.

Ijumaa, 10 Mei

Mchana Bibi wa nane alipelekwa kuoga. Nikavuta pazia, nikakaa. Kukaa kitandani kwa mgonjwa ni marufuku. Nikakaa.

"Mama, kesho wakisikia 'daktari' tena, wanakutoboa kichwa."

"Watoboe. Kichwa ni changu."

"Neno moja tu, mama. Sema nesi. Mara moja tu, mbele ya daktari."

"Mbele ya Mwenyekiti?" Akacheka, akashika kisogo, kinamuuma. "Mkwe wa Mwenyekiti ni rubani."

"Najua."

"Nitoke hapa na tundu kichwani, nitavaa kilemba. Nitoke na uso umeshuka, nitavaa nini?"

Nikamuuliza kwani nesi ana ubaya gani. Miaka tisa sijawahi kuliuliza swali hilo.

Nikatazama mboni zake kwa mazoea — sawasawa, pande zote mbili. Kisha akasema baba mzazi wa mke wangu alifia hospitali, na nesi aliyekuwa zamu alikuwa amejaza chati hadi asubuhi. Kila saa imeandikwa, anapumua vizuri, anapumua vizuri. Marehemu tangu saa saba usiku.

"Bintiye akaniletea nesi," akasema. "Nikaona bora nikufanye kitu kingine."

Sikujua hilo. Mke wangu hakuniambia, nadhani hajui. Alikuwa na miaka minne.

Nikaulizwa na kitanda cha kumi na moja kuhusu dripu, nikaondoka. Saa kumi: "Daktari!" Lakini safari hii polepole, na alinitazama mimi, si wageni. Nikaandika kumi na nne. Nikaona anaitazama kalamu inavyoandika.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi shwari. Kumi na tano, kumi na tano. Saa nane alilala kidogo, nikamwamsha kwa kumwita jina mara moja, akaamka. Niliandika hivyo hivyo: "Amelala, ameamka kwa kuitwa mara moja." Kalamu kapita, kasoma, kasema safi.

Saa kumi kila mtu alikuwepo. Mke wangu upande wa dirisha. Mwenyekiti na watu wake wamesimama mstari. Daktari wa zamu miguuni pa kitanda, fomu ya chumba cha upasuaji tayari mkononi. Kalamu nyuma yake. Bibi wa nane amejiziba mdomo kwa shuka, kaonywa.

"Uko wapi, mama?"

"Hospitali. Kitanda cha tisa."

"Leo siku gani?"

"Jumamosi." Bila kadi.

"Mimi ni nani?"

Alichelewa. Nikahesabu — moja, mbili, tatu, nne. Mwenyekiti akaanza kutengeneza herufi ya D kwa midomo.

"Wewe ni nesi," mama akasema. Sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Huyu mkwe wangu ni nesi. Hajawahi kuwa daktari. Niliwadanganya wote."

Hata kigari cha chai kilisimama.

Halafu Mwenyekiti akashika kifua. "Maskini! Amechanganyikiwa!" Akanivuta mkono, macho yamejaa machozi. "Daktari, mbona imezidi? Fanya kitu, daktari!"

Wanakikundi wakaanza kuomba dua. Mmoja akatoka kupiga simu kwa ukoo. Daktari wa kweli, yeye, uso umechanua. Akapiga kelele: "Kumi na tano! Kumi na tano mbele ya wageni!" Akachana fomu ya upasuaji vipande viwili, akanipiga bega, akaenda wodi ya pili anapiga mluzi. Mke wangu analia na kucheka. Bibi wa nane katoa shuka mdomoni, anamweleza kila mtu kwamba yeye alijua tangu Jumatatu.

Wodi nzima wanasherehekea au wanaomboleza. Mimi ndiye sijui lipi. Jana mwanamke huyu alikuwa radhi atobolewe. Leo kasema yote kama anayesoma gazeti. Ni mimi amenionea huruma, au ni ile damu imefika mahali panapotunza aibu? Kuongea: tano. Sijawahi kuandika tano ikanitisha hivi.

Kipimo kilikuwa hakijaisha. Ilibaki mikono. Nikampa vidole viwili viwili, kila mkono. Nikasema nibane. Akabana, pande zote, kwa nguvu. Nikasema achia. Wengi wanaisahau hii. Mkono wa mgonjwa wa ubongo unaweza kujifunga wenyewe kama wa kichanga, mwenyewe hana habari. Kubana hakuthibitishi kitu. Kuachia ndiko kunaonyesha amesikia na ameelewa.

Wa kulia umeachia.

Wa kushoto bado.

"Achia, mama."

Ananitazama. Macho wazi, mboni sijaziona bado, tochi iko mfuko wa upande ninaoshikwa. Amenishika vidole vya mkono wa kulia, kwa hiyo naandika kwa kushoto, kwenye daftari hili, herufi zinatambaa. Chati iko miguuni pa kitanda, siifikii, na Kalamu katufundisha tukio liandikwe saa ile ile. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Kalamu mwenyewe nimemtuma amrudishe daktari. Nasikia viatu vyake koridoni, anakimbia. Hajawahi kukimbia.

Chati ina kisanduku cha "anabana" na cha "habani". Cha "haachii" hakuna.

Mwenyekiti kaona mikono yetu. Kawaambia wenzake wanyamaze. "Tazameni," kasema, "anavyompenda mkwe wake."

Mke wangu haangalii mikono. Ananiangalia mimi usoni, anataka kusoma kitu. Nimejitia kutabasamu.

"Mama. Unanisikia? Achia."

Midomo imecheza. Sijasikia alichosema. Nimeinama.

Nimemwambia mara ya tatu. Hajaachia. Na mimi sijavuta.